Mto ukijaa maji ya theluji, trauti huhamia wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwongoza wageni Mlima Kilimanjaro, naishi Rau, Moshi. Mgeni niliyempandisha mwezi wa pili amenialika kwao Livingston, Montana, Marekani, kuanzia tarehe 24 Mei hadi 9 Juni. Yeye huvua samaki aina ya trauti kwa inzi wa bandia, yaani ndoano iliyopambwa ifanane na mdudu, na alinifundisha kurusha uzi kidogo kwenye uwanja wa shule kabla hajaondoka. Sasa ameniandikia kwamba nitafika wakati theluji inayeyuka, mito yote itakuwa imejaa na kuchafuka, na huenda tusivue kitu. Nimekulia kando ya mto Karanga, najua mto wa mwezi wa nne ulivyo. Je, ni hali ileile? Na kweli samaki hawapatikani, au kuna namna?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mwaliko. Kabla sijarudi nyumbani Arusha nilifanya kazi misimu minne kwenye kambi ya wavuvi kusini ya Livingston, kwa hiyo huo mto naujua kwa miguu yangu. Hali si ileile, na samaki wapo. Mwenyeji wako yuko sahihi kuhusu mto Yellowstone wenyewe: tarehe zako zimeangukia katikati kabisa ya mafuriko yake. Lakini kutoka hapo mpaka kusema hamtavua kitu ni mbali sana.

Tuanze na hilo la Karanga, maana ukilielewa vizuri utakuwa umeelewa nusu ya kazi. Karanga na Weruweru zikijaa mwezi wa nne zimejazwa na mvua. Bado wapo watu Moshi mjini wanaoamini kwamba mito yetu inatokana na theluji ya Kibo. Wewe umefika juu mara nyingi, umeona barafu iliyobaki ni kiasi gani: zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imeshatoweka, na nyingi ya inayopotea pale kileleni hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Maji ya mifongo, ile mifereji ya Wachaga, ya Kibosho na Old Moshi ni ya mvua na ukungu wa msituni. Ndiyo maana mto wetu hupanda ghafla. Wingu likikaa mlimani usiku, asubuhi daraja linatetemeka, na mvua ikikatika, siku ya pili au ya tatu watu wanavuka tena.

Kule ni kinyume. Tangu Oktoba au Novemba mpaka Aprili milima inaweka akiba. Theluji inalundikana na karibu hakuna kinachoshuka. Mwezi wa tano jua linapopata nguvu, akiba yote inaanza kutolewa. Mto Yellowstone kwa kawaida huanza kupanda mapema au katikati ya Mei, hufika kilele nusu ya kwanza ya Juni, na husafika karibu na mwanzo wa Julai. Ni wiki sita au saba za maji ya rangi ya kakao. Tena mto huo hauna bwawa la kuhifadhi maji tangu mlimani hadi unapoungana na Missouri, kwa hiyo hakuna kitu cha kuushika mkono.

Sasa, jambo ambalo wewe utalishika haraka kuliko wageni wengi niliowaongoza: maji ya theluji yana saa zake. Unakumbuka Western Breach, ile njia ya kupandia Kibo, kwa nini mnawaamsha wageni usiku ili wapite kabla jua halijawaka? Kwa sababu usiku barafu imeyashika mawe, na mchana inayaachia. Mto wa theluji unafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mchana theluji inayeyuka, usiku inashikwa. Kijito kilicho karibu na mlima hupanda jioni na kuwa chini kabisa asubuhi. Ukishuka mbali zaidi, maji ya jana mchana yanaweza kupita usiku wa manane. Kila mahali pana saa yake, na ni rahisi kuijua, kwa sababu shirika la serikali la jiolojia la Marekani, USGS, lina vipimo kwenye mito mingi na huonyesha grafu zake bure kwenye intaneti. Wao hupima kwa futi za ujazo kwa sekunde, na futi moja ya ujazo ni lita 28 hivi. Usiihangaikie sana namba yenyewe. Tazama mstari unaelekea wapi. Mstari unaoshuka, hata kama mto bado ni mkubwa, ni habari njema. Mstari unaopanda kwa kasi, hata kama maji bado ni safi, ni wa kukaa nyumbani.

Kwa hiyo kila jioni uliza kitu kimoja: usiku huu kule juu milimani kutaganda au hakutaganda? Usiulize kuhusu mjini, uliza kuhusu juu. Usiku mbili tatu mfululizo zikiganda, mto unapungua na kingo zake zinatoka kwenye kahawia na kuingia kwenye kijani cha maziwa. Hizo ni siku zenu, shikeni fimbo muondoke. Usiku zikiwa na joto, mto utapanda. Na ikinyesha mvua ya vuguvugu juu ya theluji, achaneni nao kabisa. Juni 2022 ndicho kilichotokea: mvua kubwa iliikuta theluji nyingi milimani, mto ukang'oa vipande vya barabara ya kaskazini ya Hifadhi ya Yellowstone, na milango yote ya hifadhi ikafungwa.

Watu huogopa rangi ya maji, mimi naogopa zaidi maji yanayopanda na kupoa. Trauti hatafuti chakula kwa macho yake tu. Ana mstari wa hisia ubavuni unaompa habari ya kila kinachotikisika karibu naye, na kwenye maji machafu bado anakula. Lakini yeye ni mnyama wa damu baridi. Maji yakiwa chini ya nyuzi 5 anazubaa na hasogei mbali kufuata chakula. Kati ya nyuzi 10 na 15 anakula vizuri. Maji mapya ya theluji huja yakiwa baridi sana, ndiyo maana mto unaopanda hufunga mdomo wa samaki. Beba kipimajoto kidogo, kitakusaidia kuliko aina kumi za inzi. Na usikimbilie alfajiri kama tulivyozoea kilele. Kunywa chai, acha jua lipige maji, ingia kazini saa nne.

Kuhusu rangi kipimo ni buti yako. Simama ukingoni maji yakufike magotini, tazama chini. Ukiiona buti, hata kwa shida, panavulika. Usipoiona, sogea ukatafute sehemu nyingine.

Sasa samaki wako wapi. Msimu wangu wa kwanza nilisimama siku mbili nikirusha kuelekea katikati, kwa sababu kwetu mtu akikuonyesha mto anakuonyesha katikati yake. Sikupata hata mguso. Siku ya tatu mzee mmoja mwongoza wavuvi aliniita, akanikalisha kwenye nyasi hatua mbili kutoka majini, akasema tusiongee. Mbele yetu palikuwa na mti wa mto, ule wanaouita wilou, mizizi yake imefunikwa na mafuriko. Nyuma ya mizizi kulikuwa na kipande cha maji tulivu kama ukubwa wa meza ya chakula, kina chake hakifiki goti. Mita moja tu nje ya hapo mto ulikuwa unanguruma. Tulikaa kama dakika tano. Halafu nikaona kivuli kinapanda kidogo, kinafungua mdomo, ule weupe wa ndani unaonekana mara moja, kinarudi chini. Trauti wa kahawia wa kama sentimeta 45, amejificha pale ambapo mimi siku mbili nzima nilikuwa nakanyaga kwa buti nikielekea kwenye "maji mazuri".

Sababu yake ni nyepesi. Maji hukwama yanaposugua sakafu na ukingo, kwa hiyo huko hupungua kasi. Mto ukiwa mdogo samaki anaweza kukaa popote. Ukijaa, katikati panamchosha, hawezi kula chakula kitakachofidia nguvu anayotumia. Basi wote wanasukumwa pembeni: ndani ya kona, nyuma ya mwamba, kwenye mikono midogo ya mto, kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Na chakula nacho kinasukumwa hukohuko, maana mto unapokula ukingo unazoa minyoo na wadudu wa nchi kavu. Mto uliojaa umeficha samaki wake kwenye ukanda mwembamba sana, na ukanda huo uko miguuni pako. Ndiyo maana nasema waliokata tamaa ya mafuriko wengi wao walikuwa wamesimama juu ya samaki.

Kwa hiyo usiingie majini kwanza. Vua ukiwa nchi kavu, umechutama, na anza na maji yaliyo karibu kabisa na miguu yako. Mrusho wa mita sita unatosha. Wale wanaojivunia kurusha mita 25, wakati huu haiwasaidii.

Vifaa navyo havina mbwembwe. Uzi wa mwisho, ule unaofungiwa ndoano, uwe mnene na mfupi: 2X kwa kipimo cha wavuvi, unaobeba karibu kilo nne na nusu. Kwenye maji machafu samaki hauoni uzi, na wewe unahitaji nguvu ya kumzuia asikimbilie mkondo mkuu, maana akiufikia umempoteza. Ongeza chubwi mpaka uhisi ndoano inagusagusa sakafu, na kama inapita bila kugusa hata mara moja ongeza nyingine. Ndani ya Hifadhi ya Yellowstone chubwi za risasi haziruhusiwi, nunua za madini mengine tangu mwanzo usije ukachanganya. Inzi wenyewe ninaowaamini ni watatu. Wa kwanza ni mfano wa tunutu, yaani mdudu ambaye bado hajaota mabawa, wa inzi wa mawe, mkubwa, wa kahawia au mweusi, mwenye miguu ya mpira. Wa pili ni mnyoo, uzi mwekundu tu uliofungwa kwenye ndoano. Wapo wavuvi wanaomdharau, mimi simdharau, kwa sababu mto wenyewe siku hizo umejaa minyoo. Wa tatu ni Woolly Bugger, inzi wa manyoya, mweusi, wa kuvuta taratibu ukingoni. Mweusi nimemtaja makusudi: kwenye maji ya udongo giza linaonekana kuliko rangi za kung'aa, kwa sababu samaki anamwona kwa kivuli chake dhidi ya mwanga wa juu.

Huyo inzi wa mawe anastahili maneno mawili zaidi. Aina yake kubwa, yenye tumbo la rangi ya chungwa, hukaa chini ya mawe ya mto miaka mitatu hata minne akiwa tunutu. Mafuriko yanapoelekea kuisha na maji kukaribia nyuzi 10 hadi 13, hutambaa kwenda ukingoni, hupanda mitini, hupasua ganda la mgongo na kutoka na mabawa. Trauti hula mpaka matumbo yanavimba. Kwenye Yellowstone kwa kawaida utakuwa umeshaondoka. Lakini pitia matawi ya kando ya maji kila siku. Ukikuta maganda makavu ya rangi ya mchanga, marefu kama kidole chako kidogo, yamening'inia kwenye gome, basi mchezo umeanza hapo au umbali mfupi tu juu, maana wakubwa huonekana kwanza sehemu za chini za mto kisha hupanda siku hadi siku.

Sasa tuseme usiku hazijaganda na mto ni tope tupu. Hapo ndipo kuna maji mengine, na ningekuwa mwenyeji wako siku nyingi ningekupeleka huko moja kwa moja.

Unapajua Chemka, kule Rundugai. Kikuletwa inaweza kuchafuka itakavyo, pale maji yanatoka ardhini yakiwa safi kama kioo. Kusini ya Livingston, kwenye bonde linaloitwa Paradise Valley, kuna vijito vitatu vya chemchemi vya namna hiyo: Armstrong, DePuy na Nelson. Kwa kuwa maji yake hutoka chini ya ardhi, joto lake halibadiliki sana mwaka mzima na theluji haivichafui. Viko kwenye ardhi za watu binafsi, unalipia siku na lazima uweke nafasi mapema, kwa hiyo mwandikie mwenyeji wako leo. Ila ujue hapo sheria ya uzi mnene haipo. Maji ni maangavu, samaki ni wajanja, na inzi wake ni wadogo kama punje ya mtama. Utarudi kuwa mwanafunzi.

Namna ya pili ni mito inayotoka kwenye ziwa au bwawa. Fikiria Nyumba ya Mungu: Kikuletwa na Ruvu huingia na udongo wao, udongo unatuama, na Pangani inayotoka upande wa pili ina rangi nyingine. Missouri chini ya bwawa la Holter na Bighorn chini ya bwawa la Yellowtail hufanya hivyohivyo, ni safari ya saa chache kwa gari. Mto Madison nao umepitia bwawa la Hebgen na Quake Lake, ziwa lililozaliwa na tetemeko la ardhi la Agosti 1959 pale mlima ulipoporomoka na kuziba mto. Tope hutuama humo, ingawa vijito vinavyoingia chini ya ziwa huweza kuuchafua tena, kwa hiyo vueni juu ya vijito hivyo.

Ya tatu ndiyo niipendayo, nayo ni Firehole, ndani ya hifadhi. Mto huu hupokea maji ya chemchemi za moto, kwa hiyo mwanzoni mwa Juni, wakati mito mingine bado ni baridi na tope, wenyewe umeshafika joto analolitaka trauti. Julai unakuwa na joto kupita kiasi na samaki wanateseka. Dirisha lake ni hizo wiki zako. Msimu wa hifadhi kwa kawaida hufunguliwa wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya Marekani ya mwishoni mwa Mei. Kuvua ukiwa umezungukwa na mvuke unaofuka kingoni, na nyati wao wakilisha nyasi ng'ambo, ni kitu ambacho ningependa ukione. Nyati hao waache mbali, angalau mita 23, hifadhi ndivyo inavyoamuru.

Vibali ni viwili tofauti. Cha jimbo la Montana, ambacho kwa mgeni huja na kibali cha uhifadhi na pasi ya kuzuia viumbe vamizi wa majini, na cha hifadhi. Cha jimbo hakifanyi kazi hifadhini, wala cha hifadhi hakifanyi kazi nje. Hifadhini ndoano lazima iwe haina kishikizo, kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke. Na sheria ya Montana ya mwaka 1985 inakuruhusu kutembea kwenye mto hata unapopita katikati ya shamba la mtu, mradi uingie kwa njia ya umma na usivuke alama ya kawaida ya maji mengi. Mto ukiwa umejaa, alama hiyo iko chini ya maji au karibu sana, kwa hiyo nafasi yako ya kutembea halali ni finyu. Omba ruhusa nyumba ya karibu, wengi hawakatai wakiombwa vizuri.

Jambo moja nakuomba kama mdogo wangu. Trauti wa asili wa mto ule, mwenye mistari miwili myekundu chini ya taya, huzaa majira hayo ya kuchipua, na trauti wa upinde wa mvua, ambaye kule ni mgeni aliyeletwa kama alivyo mgeni aliyeletwa kwenye mito ya nyanda zetu, naye huzaa majira hayo. Kwenye vijito utaona mabaka ya kokoto nyeupe, safi kuliko zinazozunguka, kana kwamba mtu amezifagia. Mama amezifagia kwa mkia na mayai yamo ndani. Usikanyage, na samaki uliyemkuta juu yake usimvue. Hifadhini yule wa asili lazima arudishwe majini hata ukimpata kihalali.

Na maji yenyewe. Umezoea baridi, lakini baridi ya Kosovo Camp, ile kambi ya juu Kilimanjaro, ni ya hewa. Maji ya nyuzi 6 huchukua nguvu ya mikono ndani ya dakika chache. Kasi ya mto ikizidi mara mbili, msukumo wake kwenye miguu yako huwa mara nne, kwa hiyo maji ya mapajani uliyoyavuka jana yanaweza kukuzoa leo. Ukivaa ile suruali ya mpira, funga mkanda kiunoni kila mara. Usivuke mto ule, hata mwenyeji akivuka. Ukianguka, lala chali, miguu mbele kuelekea chini ya mto, piga mikono kuelekea ukingoni, na usijaribu kusimama mpaka makalio yaguse chini, maana mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo utakulaza kifudifudi. Magogo yaliyolala majini yakwepe kuliko kitu chochote.

Masika bado haijaisha, tumia wiki ulizo nazo. Nenda Karanga siku ambayo mvua imekatika, simama juu ya ukingo mahali salama, chukua vipande vya ganda la mgomba na uvitupe kimoja kimoja, kingine mita moja kutoka ukingoni, kingine mbili, kingine tatu. Vingine vitaondoka kama vimefukuzwa. Kimoja kitasita, kitageuka, kitazunguka polepole nyuma ya jiwe. Hapo chutama, upatazame mpaka uwe na uhakika ungeweza kupakuta tena usiku, halafu sogea hatua kumi utafute pengine.